Kamera Iliyokataa Sura

Baba mdogo alikuwa amebana betri mbili kwapani kama mgonjwa anayepimwa homa.

"Zinataka joto tu," alisema. "Betri ni kama mayai. Bila kuatamiwa, hakuna kitu."

Mtaani walimwita Injinia kwa sababu aliwahi kufungua redio. Kuifunga alishindwa, lakini jina lilishakaa.

Binti alisimama mbele ya ukuta wa chokaa, amevaa gauni la mama yake, poda imeanza kupasuka usoni kwa jasho. Ilitakiwa picha moja tu. Nje, dereva wa mchumba alikuwa anangoja kadi ya kamera aondoke nayo. Mchumba, mwenye malori mengi na tumbo linalomtangulia mlangoni, alikuwa ameposa nyumba tatu na angechagua mke kwa picha jioni ile ile, na picha za wasichana wengine wawili zilishamfikia. Simu za nyumba ile zote zilikuwa za tochi, zisizopiga picha.

Binti alikwishasema hataki. Alitaka kubaki kwa fundi cherehani, ambako ndiyo kwanza ameanza kuaminiwa kushona suti za watu. Hakuna aliyemjibu isipokuwa bibi, mama yake Injinia, ambaye alikuwa ameitikia posa mbele ya ukoo mzima.

"Msichana kukataa mume ni kama kuku kukataa kisu," bibi alisema. "Nani alimuuliza?"

Betri zikatoka kwapani, zikaingia kwenye kamera. Kioo kikawaka. Injinia akafumba jicho moja. Alama nyekundu ya betri ikatokea, kamera ikalia tiii, mdomo wake wa lenzi ukarudi ndani kama kobe aliyeona fimbo.

"Asubuhi ilikuwa nzima!" Injinia alilalamika. "Nimepiga ukuta, nimepiga mpaka mbuzi wa jirani!"

"Mbuzi umempata, mjukuu wangu umemkosa," bibi alisema. "Mimi nilivyoishika tu pale ulipokuwa unakunywa chai, nilijua. Nyepesi kama kipande cha sabuni."

Injinia akaziuma betri. Akazianika dirishani. Akazigonganisha. Mama yake binti akatumwa dukani, akarudi na mpya, bado zimo kwenye karatasi yake. Alama nyekundu. Tiii. Kobe.

"Umeuziwa maiti, shemeji!" Injinia alifoka.

Mama alizichomoa akaziweka kwenye redio. Redio ikaimba mpaka mbuzi wa jirani akaitikia.

"Basi kamera inadanganya," Injinia alisema, kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo.

Bibi akasonya. "Injinia! Injinia wa kufungua madebe! Huo ni uchafu kwenye vile vyuma vinavyogusa betri. Hata mimi niliyezaliwa kwenye kibatari nalijua hilo. Lete hapa. Nilikufuta makamasi, sitashindwa kukufutia kamera."

Akaipakata. Akaingiza pindo la nguo yake kwa kidole kwenye tundu la betri, akasugua, akasugua, huku jicho liko kwa binti.

"Na wewe simama wima! Uso kama mlango wa duka lililofungwa. Hata kamera imeona haya."

Mama alikuwa anapekua droo kutafuta pini ya kubania gauni. "Hivi kile kipande cha mshumaa kilichokuwa humu kimekwenda wapi?"

"Panya," bibi alijibu bila kuinua kichwa. "Panya wa nyumba hii wanakula mpaka mishumaa. Sishangai wameifikia akili ya Injinia."

Vyuma viling'aa. Betri zikarudi. Alama nyekundu. Tiii. Kobe.

Honi ikalia nje. Injinia akatoka mbio, kamera mkononi, akaomba angojewe kidogo, kidogo tu. Dereva alimtazama mtu mzima anayevuja jasho kwa ajili ya kidude kisichowaka. Akacheka, akawasha gari. Jioni salamu zikaja kwamba mwenye malori ameshachagua.

"Aibu!" bibi alilia, mikono kichwani, ili majirani wasikose kitu. "Aibu ya ukoo! Mwanamume mwenye ndevu ameshindwa na betri! Na nani atamtaka tena huyu, aliyekataliwa na kamera?"

Injinia aliondoka amefunika kamera kwa shati, kama mtu aliyebeba kuku wa wizi.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kwa fundi, binti aliloweka nguo za bibi. Vidole vyake vilivyozoea mishono vikagusa kitu kigumu kwenye pindo. Akalikunjua. Kikaanguka kipande cha mshumaa. Ncha yake ilikuwa imesagika, na juu yake kulikuwa na alama ya mviringo, kama iliyochorwa na springi ndogo ya tundu la betri.

"Unafua au umelala huko?" bibi akapaza sauti kutoka uani. "Na hicho kitu usikitupe. Mdogo wako naye anakua."