Daftari la Makosa ya Shemeji

Kwa siku ya tisa mfululizo, Honi alipanda basi la shemeji yake akiwa amevaa koti la mvua, na nje jua lilikuwa linachoma utosi. Kofia aliivuta hadi kwenye nyusi, akavaa miwani myeusi na barakoa juu yake. Akakaa kiti cha pili nyuma ya dereva, akatoa daftari.

Dereva alikuwa mdogo wa mkewe, mwanamke wa kwanza kukabidhiwa basi la umeme katika kampuni ile. Honi mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye usukani wa dizeli, na jina hilo alilipata kwa kupiga honi hata barabara ikiwa tupu.

Kazi ya daftari alipewa na Mwenyekiti wa madereva, mzee mnene asiyemaliza maneno bila kukohoa mara mbili, kikohozi kikavu ambacho mwenyewe hukiita pensheni yake ya moshi. Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba mwisho wa mwezi mabasi ya dizeli yanauzwa kama chuma chakavu. Anayetaka kuendesha ya umeme ajiandikishe mafunzo. Pale kijiweni Mwenyekiti akawaapisha wote asijiandikishe hata mmoja. Gari lisilonguruma si gari, alisema. Na yule binti ashushwe: yakipatikana makosa ishirini, barua inakwenda kwa meneja, na kazi hana.

"Wewe ni wa nyumbani kwao," akamwambia Honi. "Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yake ni wewe. Nenda kaandike." Akakohoa mara mbili.

Mke wa Honi alipopata fununu hakugomba. Alisema tu, kwa upole uliotisha, kwamba siku mdogo wake atakapopoteza kazi, kuna mtu atajifunza kupika, kufua na kulala sebuleni, yote kwa mpigo.

Hata hivyo Honi alikwenda. Shemeji akikanyaga breki, aliandika. Asipokanyaga, aliandika zaidi. Kwenye mteremko wa zahanati alinyoosha shingo mpaka barakoa ikamshuka, akazikodolea namba za betri mbele ya dereva, kisha akaandika harakaharaka huku akiguna. Mama mmoja aliyeketi jirani naye akamhamisha mtoto wake upande wa pili.

Kuna jambo lilimkosesha usingizi. Madereva wawili wa zamani waliowahi kulijaribu basi lile waliishiwa umeme katikati ya safari, wakarudi wakikokotwa. Shemeji alikuwa anamaliza mzunguko mzima na nusu ya betri imebaki. Wanaume wa kijiweni walisema ni bahati tu, wakalicheka basi lake bubu. Yeye aliwajibu mara moja tu, kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama, akaenda zake.

Siku hizo asubuhi kijiweni kulikuwa kweupe. Mmoja aliaga kwamba anaumwa jino. Mwingine alifiwa na shangazi, wa tatu mwezi huo. Hata Mwenyekiti akawa anafika mchana, akilalamikia kifua. Honi alishukuru, maana hakuna aliyemuuliza makosa yamefika mangapi. Aliporipoti kuwa daftari linakaribia kujaa, hakuna aliyetaka kuliona. Walimwambia tu aendelee.

Siku hiyo ya tisa basi likafika kituo cha mwisho. Abiria walishuka, isipokuwa wachache ambao hawakuonekana kuwa na safari: jamaa aliyejificha nyuma ya gazeti, mwingine aliyejifunga kitambaa shavuni, na kwenye kiti cha nyuma kabisa, jimama lililojitanda mtandio mpaka puani. Shemeji akafunga mlango, akanyanyuka, akaja moja kwa moja hadi kiti cha pili.

"Shemeji, lete daftari."

Honi aliwaza kudai kwamba yeye si yeye.

"Hivyo viatu alivyokununulia dada, nilivichagua mimi mwenyewe dukani," shemeji akasema. "Lete."

Akampa. Shemeji akafunua ukurasa baada ya ukurasa, midomo ameibana. Honi aliitazama sakafu, akawaza wali unapikwaje. Kisha shemeji akachomoa kalamu mfukoni, akakata mstari mmoja.

"Mteremko wa zahanati," akasoma. "'Anaachia mguu kwenye mti wa tatu. Basi linajipunguza lenyewe, umeme unarudi kwenye betri. Sitini na moja ikawa sitini na mbili.'" Akatikisa kichwa. "Si wa tatu, shemeji. Ni wa pili. Ukingoja wa tatu itabidi ukanyage breki, umeme wako upotee, na mtihani wa Jumatatu utaufaulu ndotoni."

Honi akavua miwani taratibu. Jina lake alikuwa ameliandika kwenye orodha ya mafunzo kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko usijulikane.

"Nakuomba kitu kimoja tu," akanong'ona. "Wenzangu wa kijiweni wasijue. Watanitafuna mzimamzima."

Shemeji akatupa jicho nyuma ya basi, akauma mdomo kuzuia kicheko. Gazeti lilikuwa limeshuka, na lilikuwa limeshikwa juu chini muda wote. Mgonjwa wa jino alikuwa anajipapasa mifukoni, anatafuta kalamu. Kutoka kiti cha nyuma, ndani ya mtandio, kikasikika kikohozi kikavu, mara mbili.

"Samahani, mwalimu," likasema jimama kwa sauti nzito. "Umesema mti wa ngapi?"