Maganda ya Machano

Siwema alimwaga maganda ya risasi juu ya meza ya fundi Mbaruku.

"Yajaze tena, fundi. Kaka yangu ndiye atakayelinda mpunga sasa. Viboko hawajui kwamba mume wangu Machano amepoteza jicho."

Mbaruku hakumtazama.

"Na bunduki tumeisafisha kama ulivyosema. Mume wangu anaomba umwie radhi. Anasema uchafu wake umekuharibia jina."

Yeye Mbaruku ndiye aliyeutangazia mji kwamba risasi ilimlipukia Machano kwa sababu ya mtutu mchafu. Alichukua waya wake wenye ncha iliyopinda, akauingiza ndani ya ganda, akakwaruza taratibu hadi karibu na kitako. Ukanasa. Shaba ilikuwa imeanza kuchanika kwa ndani, mahali ambapo macho hayafiki. Siku alipolijaza ganda lililomlipukia Machano pia waya ulinasa, lakini Machano alikuwa mlangoni akimhimiza, naye akatia baruti hivyo hivyo, akijiambia kwamba ganda alilolilainisha kwa moto mara nyingi litavumilia mara moja zaidi.

Aliliweka ganda juu ya fuawe, akaliponda kwa nyundo mpaka likawa bapa. Akachukua jingine.

"Mbona unayavunja?"

"Yamechoka, shemeji. Yangempasukia kaka yako usoni."

Siwema aliliokota lile lililopondwa, akaligeuza kiganjani.

"Haya si yalitoka mfuko mmoja na lile lililomtoa Machano jicho?"

Nyundo ilikuwa imeshapanda. Mbaruku aliiacha huko huko juu.