Mshale wa Posa

"Fungua mdomo," alisema Mzee Nyamu.

Mutegi alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa amekuja kuposa, si kung'olewa jino. Lakini mzee alikuwa ameushika ule mshale aliomletea karibu na mwanga wa dirisha, akipitisha ukucha juu ya tete, na uso wake ulikuwa mkavu kama kawaida. Katika Mbeere nzima hakuna aliyewahi kumwona Nyamu akicheka. Hata harusini, watu walisema, alifurahi kwa macho tu, mdomo umefungwa.

Makosa yalikuwa ya Mutegi mwenyewe. Alikuwa karani wa kahawa kule Nkubu, kijana nadhifu wa miaka ile ya kwanza ya uhuru, suruali imepigwa pasi ikasimama. Alichokijua kuhusu mishale ni kwamba upande mmoja unachoma. Na katika wasichana wote wa dunia hii, akaenda kumpenda Karwirwa, binti wa Nyamu.

Mishale ya Nyamu ilisifiwa mpaka soko la Ishiara. Wengine walishahamia chuma zamani, lakini yeye aliwindia kanga kwa mishale ya matete yenye ncha za jiwe, kama babu zake. Aliitengenezea ndani, mlango umefungwa, asije mtu akamwibia ujuzi. Mkewe tu ndiye aliyeruhusiwa kuingia, kupeleka makaa.

Sharti lake lilikuwa moja. Anayemtaka Karwirwa alete mshale wa namna hiyo, aliouunda kwa mikono yake. Wachumba kadhaa walikuwa wamesharudishwa kwao. Mmoja alileta wa chuma, kazi ya mhunzi, na Nyamu akautumia kuchochea moto mbele yake.

Mutegi alijaribu, maskini. Alivunja matete, akajikata vidole, na jiwe alilolichonga likatoka kama kiazi. Karwirwa alimkuta kando ya mto Thuci, amejifunga vitambaa mkono mzima.

"Sasa hii ni nini?"

"Ni ncha."

"Hii hata kuku haitashtuka. Lete hapa."

Kwanza alitazama huku na huku. Kwao mishale ilikuwa ya wanaume, na mwanamke alikatazwa hata kuivuka. Alipoona hakuna mtu, aliketi, akapasua jiwe jeupe la mtoni, kisha akamegua kingo zake kwa kipande cha pembe, kidogo kidogo, mpaka likachongoka. Tete alilipasha moto, akaling'ata kwa jino la mbele, akalizungusha, akaling'ata tena, mpaka likanyooka. Alifunga jiwe kwa ukano, ule mshipa mgumu wa mbuzi, na ulimbo wa kunata, akapachika manyoya ya mwewe nyuma. Mutegi aliduwaa.

"Kumbe hilo pengo lako linatokana na hii kazi," alisema. Jino la mbele la Karwirwa lilikuwa limelika pembeni, kipengo kidogo ambacho Mutegi alikipenda kuliko alivyoweza kusema.

"Ukinyoosha matete miaka mingi, jino linaisha tu. Hakuna njia ingine."

"Ni mzee alikufundisha?"

"Nilifundishwa nyumbani." Karwirwa alifukia vipande vya mawe mchangani. "Na usitoe hiyo maneno kwa mdomo, Mutegi. Watu wakijua, ukoo wetu wote utaaibika, na mimi na wewe tumeisha."

Mutegi aliapa.

Siku ya posa alikuja na baba yake mdogo, Kithinji, aliyekuwa na maneno mengi na suti moja. Igoki, mama wa Karwirwa, aliwaletea uji, leso imefunika nusu ya uso. Leso ilipoteleza, Mutegi aliona kwenye jino lake kipengo kilekile cha binti yake. Alijikumbusha kwamba mkwe hamkodolei macho mama mkwe, akatazama pembeni. Basi meno mepesi kulika ni ya kurithi, akawaza, na akafurahi kufikiria watoto wake nao wakiwa na vipengo.

"Huyu kijana ni mtu ya maana sana, mzee," Kithinji alianza. "Ile mshale ametengeneza yeye mwenyewe, mimi nimeona kwa macho."

"Nenda nje uone mbuzi," Nyamu akamwambia.

Kithinji akatoka. Ndipo Mzee Nyamu alipousogeza mshale kwenye mwanga, na ndipo aliposema lile neno lake la ajabu.

Mutegi alifungua mdomo. Mzee aliinama, akachungulia, akagusa meno ya mbele moja baada ya jingine kama mtu anayenunua ng'ombe. Kisha akaketi.

"Hii tete imenyooshwa na meno ya fundi," alisema. "Wewe meno yako haijawahi kuuma kitu ngumu kushinda mahindi."

Mutegi alimwona Karwirwa akimponyoka hivi hivi, na alitamani kulia. Angeweza kujitetea kwa kutaja jina moja tu. Hakulitaja.

"Ni kweli, mzee. Nilisaidiwa. Lakini aliyenisaidia sitamtaja, hata ukinifukuza leo."

Nyamu aliinuka, akachungulia nje, akaufunga mlango, akaukaza vizuri.

"Hapo umejibu kama mwanamume," alinong'ona. "Usimtaje mpaka tukuzike. Na kila akianza kazi, wewe ingia ndani naye, ufunge mlango."

Kisha Mzee Nyamu akacheka. Alicheka mdomo wazi, kichwa amekirusha nyuma, na meno yake ya mbele yalikuwa mazima yote, meupe, hayana hata mkwaruzo.