Daftari la Ildefonsa

Jana kompyuta ya parokia ilikuwa na programu tatu za kuiunganisha na mtandao. Leo Ildefonsa, katibu wa parokia, alipoiamuru iziorodheshe, zilitokea mbili tu.

Akafungua daftari lake, lile ambalo Padri hulicheka. Humo alikuwa ameandika kila kilichomo ndani ya mashine, kimoja kimoja, kama anavyoandika wabatizwa.

Mlangoni alisimama msichana kutoka Mugoma na mama yake. Ndoa ya msichana ilikuwa kesho. Cheti chake cha ubatizo kilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi ya pili, na tangu asubuhi mashine hizo mbili zilikuwa hazionani mtandaoni.

"Mama Ildefonsa, acha nikamlete fundi kutoka Biharamulo," alisema Padri, funguo za gari mkononi.

"Subiri kidogo, Padri."

Kidole cha Ildefonsa, cheusi kwa utomvu wa ndizi, kilishuka ukurasani mstari kwa mstari, kikasimama kwenye wa tatu, jina ambalo halikutokea kwenye kompyuta. Akairudisha programu iliyokosekana, akaizima kompyuta, akaiwasha tena.

Printa ikakohoa, ikatoa cheti. Mama wa msichana akapiga kigelegele mle mle ofisini.

Padri alitia sahihi. Kisha akalichukua lile daftari, akalipanga kabatini, katikati ya vitabu vya ubatizo.