Tabaka la Tatu

"Hilo tabaka la tatu litamwoa nani?" mama aliuliza kutoka mlangoni, pasi mkononi, shati la mwanawe begani. "Maana wewe hutakuwepo. Utakuwa hapa unasugua."

Mwanawe hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti mbele ya boneti, kopo la nta pembeni, kitambaa laini kikizunguka taratibu kama kinambembeleza mtoto.

"Mama, nta hazipakwi ovyo. Kwanza ya kiwandani, ndiyo inayoshika rangi. Inalala usiku mmoja. Juu yake ile ya asili, inayotoka kwenye mti, ndiyo inayoleta mng'aro wa maji. Nayo inalala. Halafu ya asili tena, nyembamba kama pumzi. Ukigeuza, ukaanza na ya mti, ya kiwandani haishiki. Unapaka mafuta juu ya mafuta."

"Siku mbili gari limelala. Hata waliojifungua pacha tulikuwa tunawaruhusu siku ya pili."

Mama alikuwa mkunga kwa miaka thelathini, na hakuwa na subira na kitu chochote kinachochelewa kutoka. Isitoshe, leo haikuwa siku ya mchezo. Saa sita walitarajiwa kwa wazazi wa mchumba, na mlango wa nyumba ile ulikuwa umeshafungwa mara moja. Baba wa binti, aliposikia tu kwamba kijana anaosha na kung'arisha magari, hakutaka hata kumwona sura. Alisema, "Mwanangu haolewi na ndoo," akarudi kwenye gazeti lake. Mke wake alimsihi mwezi mzima ndipo akakubali wageni waje. Mara moja, alisema. Ya pili haipo.

Neno lile la ndoo lilimkwama mama kooni kama mwiba wa samaki. Basi juzi jioni, kijana alipoingiza uani gari jeusi, refu, lenye viti vya ngozi, mama aliuliza swali moja tu.

"Umelipata wapi?"

"Kazini, mama."

Mama akalizunguka, akapiga tairi teke kama mtu aliyezaliwa gereji, na mwiba ukashuka. Ndoo gani hiyo yenye milango minne?

Simu ikaita juu ya kigoda. Mchumba. Kijana, mikono imejaa nta, akabonyeza spika kwa kiwiko.

"Msichelewe," sauti ilinong'ona. "Baba ameshavaa. Ila anakuwa mkali kidogo, magoti yanamuuma. Jana katembea kwenda kazini na kurudi, gari halipo."

"Maskini," mama alisema, akishindwa kabisa kuificha furaha yake. "Mwambie tukifika tutampa lifti."

Simu ilipokatika, alishuka ngazi, akalifunga kopo, akalitupa kwenye buti pamoja na kitambaa.

"Matabaka mawili yanatosha. Mtu haoi kwa kumalizia kopo. Vaa shati."

"Mama, bila la tatu halijaisha. Mwenye jicho ataona."

"Mwenye jicho ana magoti mabovu. Vaa."

Njiani kijana alitaka kuwasha indiketa, zikacheza waipa. Kwenye kona ya pili zikacheza tena, na jua likiwa kali hivyo, watu kando ya barabara wakatazama mbinguni.

"Hatujazoeana bado," alisema.

Mama alifungua kisanduku cha mbele kutafuta karatasi ya kujifuta, akatoka na miwani ya kusomea. "Ya nani hii?"

"Ilikuja na gari."

"Na hilo jasho lako, lilikuja na gari? Litauharibu ukosi. Sikiliza, mwanangu. Tukifika ongea kidogo. Hebu liache gari liongee."

Getini, mzee alikuwa amesimama tayari, mrefu, uso umekunjwa, mkono mmoja kwenye nguzo ili kuyapumzisha magoti. Mama akateremka kwa mwendo wa bibi mwenye gari. Akasalimia. Mzee akaitikia kwa adabu, lakini macho yake hayakuwa kwake. Yalikuwa kwenye boneti.

Alilizunguka gari polepole. Akainama mbele. Akainama nyuma. Akapitisha kidole ubavuni, akakitazama, akakipitisha tena. Mama alijaa kifua hadi vifungo vikalalamika. Kijana alikuwa bado ameshika usukani, injini imezimwa.

"Kazi nzuri," mzee alisema mwishowe. "Najiona mpaka mvi."

"Na hayo ni matabaka mawili tu," mama akamjulisha. "La tatu tumelikataa wenyewe."

"Naona. Na kijana wa ofisini niliyemtuma alipeleke aliniambia ni matatu, nilifuate Jumatatu." Mzee akaingiza mkono dirishani, akachukua miwani, akaivaa. "Sikujua kwamba siku hizi mnawaletea wateja hadi nyumbani, na mama mzazi."

Mama alimtazama mwanawe kwa muda unaotosha kukata kitovu.

Kisha akaufungua mlango, akachomoa ufunguo, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili. Akazunguka nyuma, akatoa kopo na kitambaa, akavipachika kifuani kwa mwanawe.

"La tatu analipaka hapa hapa," alisema, akimshika mzee kiwiko kumsaidia kupanda ngazi. "Mimi na wewe tuingie ndani, mkwe. Hayo magoti niyaone, halafu tuongee habari za watoto."

Walipofika mlangoni, kijana alikuwa ameshapiga magoti mbele ya boneti.