Mabaki ya Mlezi

Kisanduku kilitokea tena katikati ya kioo cha kompyuta: *Faili halipatikani: mlezi.*

"Ndiyo hiyo," mume alisema. "Kila nikiiwasha asubuhi, inanisalimia hivyo."

Fundi wa kompyuta akavuta kiti. Mke, mshonaji wa mtaa mzima, alibaki mlangoni na sinia la chai, vikombe vikigongana. Alimjua mlezi. Yeye ndiye aliyemweka.

Wiki iliyopita fundi alizichukua kompyuta zote mbili za nyumba ile, ya mume anayochorea ramani za majengo na ya mke anayowekea mitindo ya nguo, akazisafisha virusi. "Nyumba moja, flashi moja, ugonjwa mmoja," alisema. Mke angekataaje? Hata mume alijikuna kisogo kwanza, ndipo akamkabidhi. Tangu zirudi, mke hakuwa amethubutu kuiwasha ya kwake.

"Usihofu, kaka," fundi alisema. "Mlezi mwenyewe nilishamtoa. Kilichobaki ni jina lake kati ya programu zinazoamshwa kompyuta ikiwaka. Inamwita, hayupo, inalalamika. Nafuta jina, basi." Akabofya, kisha akasita. "Ila hii si virusi vya kuokota njiani. Hii watu huinunua wachungie watoto. Anachoandika mtoto, anachotafuta, yote yanamwendea mzazi. Wenu wana umri gani?"

"Hatujajaliwa bado," mume alisema.

Fundi akakohoa, akajaribu kucheka. "Haya, shemeji, ndiyo hayo. Kikulacho ki nguoni mwako."

Sinia lilimwelemea mke, akaliweka mezani kabla halijamwaibisha. Mteja wake mmoja ndiye aliyemfundisha, siku anapimwa gauni: wenzako wote wanayo, wewe tu ndiye umelala. Siku hizo mume alikuwa amepoa, haongei, na kimya kingi kina mshindo. Basi mke akainama, maana mtaka cha mvunguni huinama. Alimweka mlezi kwenye kompyuta ya mume, hapo tu, taarifa zikawa zinamjia yeye kwa barua pepe. Kwa miezi alisoma kila neno, akimtafuta mwanamke. Mwanamke hakuwepo. Alikuwepo mtu anayetafuta dawa ya mgongo, cherehani isiyopiga kelele, na siku moja, kwa herufi za kukosea kosea: *nifanye nini mke wangu acheke kama zamani.* Aliposoma hayo alilia. Kesho yake akasoma tena, na huko kusoma tena ndiko kulikomla roho mpaka leo.

"Inaweza kujulikana nani aliiweka?" mume aliuliza, macho sakafuni.

Mke akashika ukingo wa meza. Leo ndoa inavunjikia mbele ya fundi.

"Nikitaka, nitajua," fundi alisema. "Lakini mimi ni dobi tu, kaka. Nafua, siulizi nani kachafua."

Akabofya mara ya mwisho, akaizima kompyuta, akaiwasha. Kioo kikafunguka kimya, hakuna kisanduku. Fundi akafunga mkoba wake. "Na ile nyingine?"

"Ile nyingine iache," mume alisema upesi. "Haina shida."

Mke alishukuru kimoyomoyo. Ndani ya ile nyingine ndimo alimozihifadhi taarifa zote.

Fundi alipoondoka, mume akamimina chai, kikombe cha kwanza akampa mkewe kama kawaida yake. Hapo mke akashindwa. Mtu mwema namna hii, naye amemchunga kama mwizi! Bora aseme mwenyewe, na kama ni kuachwa, aachwe.

"Mwenzangu, nimekukosea. Njoo uone kwa macho yako, kisha uamue utakavyo."

"Si lazima leo," mume alisema. "Kaa kwanza, unywe chai."

"Leo."

Akaileta kompyuta yake, akaifungua katikati ya vikombe, akabonyeza. Wakati inawaka, alikuwa akitafuta maneno ya kuanzia.

Kisanduku kikatokea katikati ya kioo: *Faili halipatikani: mlezi.*

Mume aliweka kikombe chake chini, wala hakuuliza ni nini.