Pumzi ya Mgeni

Katika kilima kile cha Wapalestina, ukuta wa kila nyumba ulihesabu pumzi za wenyewe. Nyumba ikishinda bila mwenyewe, kuanzia macheo hadi machweo, ilikabidhiwa kwa familia ya walowezi iliyotangulia kwenye foleni. Ndiyo maana Suhayla, mjane, hakwenda hata kwenye harusi ya bintiye. Siku hiyo alipiga vigelegele peke yake jikoni.

Sasa Bi Annelie, mjumbe wa amani aliyezoea kula mkate mezani pa Suhayla, alimwomba akahutubie mkutano wa mataifa.

"Na nyumba?"

"Nitakaa mimi, mama. Nimeshawauliza wakubwa wanaosimamia kuta, wamekubali."

"Basi usiniunguzie sufuria," Suhayla akamtania.

Akaondoka kabla ya macheo, kwa sababu ya vizuizi vya barabarani. Mkutanoni alisema yote yaliyomjaa moyoni. Mabalozi walisimama wakampigia makofi, wengine wakifuta machozi.

Aliporudi jua lilikuwa limekwisha kuzama. Aliweka kiganja mlangoni, mlango usifunguke. Bi Annelie alikuwa ameketi nje kwenye ngazi, kando ya magodoro yaliyotolewa.

"Wanasema pumzi ya mgeni haihesabiwi, mama."

"Ulijua lini?"

"Saa sita mchana."

Kutoka saa sita hadi machweo, Suhayla angewahi kufika hata kwa miguu.

"Mbona hukunipigia simu?"

Bi Annelie akainamisha kichwa. "Nilikuwa nakutazama kwenye simu; ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kuhutubia. Walikuwa wanakusikiliza vizuri sana."